Somo: Kubadilisha mfereji wa bafuni bila kubomoa ukuta

Asalaam aleykum. Wiki hii nimeulizwa mara nne, na wa nne alinikamata harusini nina sahani ya biriani mkononi. Naandika mara moja, tusisumbuane tena.

Vitu: mfereji wa nusu inchi, tepu nyeupe ya bomba, mswaki wa zamani na spana malaya (samahani, ndilo jina lake).

1. Funga koki ya tangi la juu. Ya mita peke yake haitoshi.
2. Fungua mfereji wa zamani maji yaishe, kisha uzungushe utoke.
3. Sugua kwa mswaki meno (mikato ya kuzungushia) ya elbo, ile kona ya bomba iliyo ndani ya ukuta.
4. Elekeza meno ya mfereji mpya usoni kwako, zungusha tepu kufuata mshale wa saa, mara 10 hadi 15, ukiivuta.
5. Kaza kwa mkono mpaka ugome, halafu spana kidogo. Sasa nisikilizeni. Wangu uligoma umetazama mlango. Nikasema nusu mzunguko tu utazame chini. Nikasikia "tak". Bafuni kukavu kabisa. Siku ya tatu rangi ya chumba cha pili ikavimba kama andazi. Elbo ya plastiki ilikuwa imepasuka ndani, na nyumba zetu hizi za mawe na chokaa, ukuta ukishakunywa maji haukauki leo wala kesho. Nilibomoa vigae vinne, rangi yake madukani haipo tena, na mpaka leo pale pana vinne vya kijani. Basi ukigoma umekaa upande, usiulazimishe. Usiurudishe nyuma pia, tepu italegea utavuja. Utoe, bandua tepu yote, funga upya ukiongeza mizunguko miwili mitatu.

MASWALI

"Mfereji wangu unavuja nifanyeje"
— Wapi? Kwenye meno, soma namba 4 na 5. Mdomoni, ni wosha (kile kipira cha ndani kinachozuia maji), badilisha.

"Nimesoma. Nikapaka na gundi ya paipu juu ya tepu usivuje kabisa, mbona bado?"
— Gundi nimeiandika wapi? Ile ni ya kuunganishia paipu za PVC. Siku ukitaka kuutoa mfereji huo utatoka na elbo yake.

"Kaka, niko Chake Chake, Pemba. Nimefunga shawa mpya pana, maji yanachuruzika kama ya birika. Tangi liko juu ya paa na limejaa."
— Umeuliza vizuri, dada. Nguvu inatokana na kimo cha tangi, si kujaa kwake. Mita 10 za kimo ni baa 1 (kipimo cha nguvu ya maji); likiwa mita 2 juu ya shawa, unapata 0.2 tu, na shawa pana nyingi zinataka zaidi ya hapo. Rudisha ndogo, inua tangi, au weka pampu. Kabla ya gharama, tazama kichujio nyuma ya shawa, mchanga hukaa humo.

"Yangu imeziba kwa weupe."
— Chokaa hiyo. Maji yetu ya visima yanapita kwenye mawe ya matumbawe. Tia siki kwenye mfuko, funga shawa ndani nusu saa, sugua.

"Siki ya nini? Bibi yangu anatumia malimau yaliyokwisha kamuliwa."
— Yanafaa, mpe salamu. Asiyaache usiku kucha tu, kromu ya shawa yangu ilibabuka.