Gia Iliyokwama Kwenye Jipu la Kijeshi la Willys MB

Jipu la Willys MB, lililoundwa Marekani kati ya 1941 na 1945, lina giaboksi ya T-84 yenye gia 3 za mbele, na mkono wake wa gia umesimama moja kwa moja juu ya giaboksi hiyo. Ukikwama, usiulazimishe. Vuta breki ya mkono, weka vigingi kwenye magurudumu, kisha zima injini: gia zikiingia vizuri sasa, tatizo lipo kwenye klachi isiyoachia, na giaboksi haina kosa.

Zisipoingia, huenda imeshika gia mbili kwa pamoja, hali inayotokea pale kizuizi kilicho kati ya fito mbili za kubadilishia gia kinapolika. Fungua kifuniko cha mkono wa gia, uutoe, kisha umulike ndani. Mapengo ya fito hizo, yaani nafasi inamoingia ncha ya mkono wa gia, yanapaswa kulingana. Lililosogea lirudishe taratibu kwa bisibisi pana mpaka usikie gololi inayoshikilia ufito ikitumbukia mahali pake. Mafundi wengi hugonga kwa nyundo hapa, na ndipo uma za gia, zile zinazosukuma gia, hupinda. Hali ikijirudia, kizuizi na springi vibadilishwe.