Namna ya Kutangaza Matukio na Habari za Usomaji katika Maktaba ya Kartye

Maktaba ndogo ya kartye, yaani ya mtaa, hapa Lubumbashi nchini Kongo, iwe Katuba, Kamalondo, Ruashi au komini ya Kenya, haipungukiwi na mambo ya kusimulia. Kuna watoto wanaokuja kusoma wakitoka shuleni, kuna mwalimu anayejitolea kuwafundisha watu wazima kusoma, kuna sanduku la vitabu lililofika juma lililopita. Kinachopungua ni habari hizo kuwafikia watu wanaokaa avenyu mbili tu kutoka mlangoni. Mwongozo huu ni wa wale wanaoshika kazi ya kutangaza, hasa wanaojitolea, na umetokana na miaka ya kubandika, kubandua na kusahihisha makaratasi katika maktaba yetu ya Katuba. Neno la kwanza, ambalo mengine yote yanalifuata, ni kwamba tangazo ni deni: msibandike jambo ambalo hamjalihakikisha, na likishafanyika, rudini muwaeleze watu lilivyokwenda.

Nilijifunza hilo kwa uchungu. Tulitangaza Jumamosi ya hadithi kwa kutegemea neno la mdomo ambalo msimuliaji alitupatia majuma matatu kabla, wala hatukumuuliza tena. Siku ilipofika, watoto walikaa kwenye mabenchi tangu saa nane mchana, wengine wamevalishwa nguo za Jumapili, na msimuliaji hakufika kwa sababu alikuwa kwenye kilio cha jamaa yake. Jumamosi iliyofuata mabenchi yalikuwa karibu matupu, na ilituchukua miezi kadhaa kuwarudisha wale watoto. Tangu siku hiyo tunamuuliza mgeni mara mbili, siku ya kupanga na siku mbili kabla ya tukio, na kila mara tunaweka tayari msomaji wa akiba pamoja na kitabu alichokwisha kukisoma kwa sauti nyumbani, ili watoto wasikose kitu hata mgeni akikosa.

Kabla ya kushika kalamu, shikeni kalenda. Mwaka wa shule huanza Septemba, na kuelekea mwisho wake wanafunzi wa darasa la sita la msingi na wale wa Egzeta, yaani mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, huhitaji mabenchi na utulivu kuliko wakati mwingine wowote. Majuma hayo msiujaze ukumbi kwa sherehe, bali tangazeni saa za ziada za kusomea. Sikukuu kama tarehe 4 Januari, 17 Januari na 30 Juni huwachukua watu kwingine. Kwa upande wa usomaji, siku mbili zinafaa kuandaliwa mapema: tarehe 23 Aprili, ambayo UNESCO imeitenga kwa ajili ya vitabu, na tarehe 8 Septemba, siku ya kimataifa ya kujua kusoma na kuandika, ambayo kwetu inaangukia vizuri kabisa mwanzoni mwa masomo. Kumbukeni pia mvua. Kuanzia Novemba hadi Machi, na mara nyingi kuingia Aprili, tukio la uani linahitaji mahali pa kukimbilia, na mahali hapo paandikwe kwenye tangazo lenyewe. Na kwa kuwa jua linatua karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na umeme hauaminiki, tukio la watoto liishe saa kumi na moja ili wafike nyumbani kungali mwanga.

Juu ya saa kuna jambo ambalo wengi hulipuuza. Mjini kwetu wapo wanaohesabu saa kwa Kiswahili na wapo wanaohesabu kwa Kifaransa, kwa hiyo mtu akisoma "saa nane" bila neno lingine anaweza kufika asubuhi na kukuta mlango umefungwa. Andikeni namna zote mbili: saa nane mchana, 14:00. Tena, Lubumbashi imetangulia Kinshasa kwa saa moja. Ikiwa mnawaalika watu kusikiliza kipindi cha redio kinachotoka Kinshasa, au mazungumzo ya mwandishi aliyeko huko kwa njia ya intaneti, ongezeni maneno "saa za Lubumbashi", la sivyo nusu ya watu watafika mambo yamekwisha.

Ubao wenyewe si kazi kubwa. Kipande cha tripleksi, yaani ubao mwembamba wa mbao zilizogandishwa, chenye upana wa mikono iliyonyooshwa kinatosha, kikitundikwa nje, chini ya paa, kwenye kimo cha macho ya mtu mzima, na sehemu ya chini iachwe kwa ajili ya watoto. Punezi, yaani pini za kubandikia, za bei ndogo hushika kutu majira ya mvua na kuacha alama nyekundu kwenye karatasi. Misumari midogo au kamba yenye vibanio vya nguo hudumu zaidi. Wino wa maji unachuruzika kwa unyevu wa usiku mmoja. Andikeni kwa kalamu ya wino mzito usiofutika, herufi kubwa kama kidole gumba, na karatasi isibebe zaidi ya jambo moja.

Sasa tuje kwenye maneno, maana hapa ndipo tangazo linapofaulu au kuanguka. Siku moja nilimkuta mama mmoja, mwenye beseni la mboga kichwani, amesimama mbele ya ubao wetu, akiyafuata maneno kwa kidole, moja baada ya jingine. Alipomaliza aliniuliza, "Mwanangu, hii ya Jumamosi, ni ya watoto wa shule tu, ao na sisi?" Nikamjibu kwamba ni ya watu wote. Akasema, "Basi hamukuandika." Alikuwa na haki. Tulikuwa tumeandika kichwa kizuri, jina la mgeni na mada yake, lakini hatukusema nani amealikwa, wala kama kuna malipo, wala kama mtu asiyejua kusoma vizuri anaweza kuja. Sisi tuliyajua hayo, kwa hiyo hatukuona kwamba hayapo.

Tangu hapo kila tangazo letu hujibu maswali ya mtu ambaye hajawahi kuingia maktaba: ni nini kitakachofanyika, siku gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, ni wapi, nani anaalikwa, analipa au halipi, anatakiwa aje na nini, na itakuwaje mvua ikinyesha. Hili hapa ni tangazo tulilolirekebisha kwa namna hiyo:

"Jumamosi tarehe 14 Machi, tangu saa nane mchana (14:00) mpaka saa kumi (16:00), tutasoma pamoja kwa sauti kitabu cha kilimo cha mboga nyuma ya nyumba. Kitasomwa kwa Kiswahili, na baadaye mkulima wa kartye yetu atajibu maswali. Wamama, wababa na vijana, wote mnaalikwa, hata asiyejua kusoma. Hakuna malipo. Mtoto mdogo anaweza kuja na mzazi wake. Tutakuwa uani, chini ya mwembe. Mvua ikinyesha tutaingia ndani. Ukitaka, uje na daftari na kalamu."

Angalieni kwamba jina la kitabu halikutangulia. Tangazo linaanza na siku, kwa sababu hilo ndilo mtu analolipima kwanza na shughuli zake, kisha linasema faida atakayoipata. Maneno "hata asiyejua kusoma" yalituletea watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakipita mbele ya mlango wakiamini kwamba nyumba ya vitabu haiwahusu.

Kuhusu lugha, Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Wengi wetu tulizoea kuandika matangazo kwa Kifaransa pekee, tukidhani ndiyo heshima ya maktaba. Maoni yangu ni kwamba Kiswahili kitangulie, kwa herufi kubwa zaidi, na Kifaransa kifuate chini yake. Andikeni Kiswahili bora, lakini msikifanye kigumu: pale ambapo neno la vitabuni halijulikani mtaani, wekeni lile ambalo watu wanalisema. Sisi tumeandika "Maktaba" juu ya mlango na "Bibliothèque" chini yake, kwa kuwa wazee wengi wanaijua nyumba hii kwa jina hilo la pili, na hakuna sababu ya kuwapoteza kwa ajili ya neno moja.

Karatasi ya ukutani haitembei, kwa hiyo ipewe miguu. Peleka nakala parokiani na katika makanisa mengine ya karibu mapema ndani ya juma, kabla ya komunike, yaani matangazo, za Jumapili kupangwa, na iwe fupi kiasi cha kusomwa kwa pumzi mbili au tatu, maana anayesoma ana nyingine nyingi mkononi. Msikiti nao usisahaulike. Mwalimu mkuu wa kila shule ya jirani apewe karatasi mkononi, na mkuu wa kartye aarifiwe mapema kwa heshima, hasa tukio likikusanya watu wengi nje. Redio huenda ikadai malipo ya komunike; ulizeni bei kwanza, na mkipewa nafasi ya bure, fikeni nusu saa kabla. Katika kikundi cha WhatsApp andikeni maneno peke yake, bila picha wala video, kwa sababu mzazi aliyenunua mega chache za intaneti atayasoma maneno hata pale ambapo picha haikufunguka.

Nimeongea kwa urefu juu ya matukio, lakini habari za usomaji ndizo ninazozipenda zaidi na ndizo zinazosahaulika. Maktaba nyingi hutangaza vitabu vipya kwa kuorodhesha majina yake, na orodha hiyo haimwambii kitu mtu asiyevijua. Chagueni vitabu vitatu tu kwa mwezi. Kwa kila kimoja semeni kinahusu nini, kimeandikwa kwa lugha gani, kinamfaa nani, mna nakala ngapi na kiko rafu ipi. Aliyeandika maneno hayo awe amekisoma. Msiyanakili yaliyo nyuma ya jalada, kwa kuwa jalada linataka kuuza kitabu, nanyi mnataka mtu akipate kile kinachomfaa.

Kisha wekeni daftari mezani, karibu na mahali pa kurudishia vitabu, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila anayerudisha kitabu anaombwa aandike sentensi moja: umepata nini humu? Mwanzoni watu huandika "kizuri" na kuondoka. Mhudumu akiuliza kwa upole ni ukurasa upi uliomshika, majibu hubadilika. Kijana mmoja fundi baiskeli aliandika kwamba alisoma sura ya mapafu mara mbili kwa sababu hakujua kwamba hewa nayo ina njia zake mwilini. Mtoto wa miaka kumi aliandika kwamba fisi wa kitabuni ni mjinga kuliko fisi wa bibi yake. Sentensi kama hizo, tano au sita kwa mwezi, zikinakiliwa ubaoni kwa mwandiko safi chini ya kichwa "Wasomaji wanasema", huvuta watu kuliko afishi yoyote, kwa maana kila anayepita anasikia sauti ya jirani yake.

Hapo lakini kuna mpaka usiovukwa. Kitabu anachokisoma mtu ni siri yake na maktaba. Msiandike jina la msomaji bila ruhusa yake, na kwa mtoto ombeni ruhusa ya mzazi. "Mama wa Katuba" au "mwanafunzi wa sekondari" inatosha. Mtu anayeazima kitabu juu ya ugonjwa, au juu ya mambo ya ndoa, asitambulike hata kwa kudokezwa, kwa kuwa katika kartye moja watu hutambuana kwa dalili ndogo sana. Takwimu pia zitolewe kwa uaminifu: vitabu vingapi viliazimwa, vingapi vilirudi, watu wangapi walikuja kwenye tukio, mkihesabu kwa njia ileile kila mwezi. Mwezi ambao walikuja watu saba, andikeni saba.

Mtaombwa pia kubandika mambo ya watu wengine. Mafunzo ya ushonaji, chanjo na mikutano ya wazazi yana nafasi ubaoni. Afishi za vyama vya siasa, na matangazo ya dini yanayoshambulia dini nyingine, tunayakataa kwa maneno ya adabu na kwa kanuni moja iliyoandikwa na kubandikwa ukutani, ili mhudumu kijana asibaki peke yake akibishana na mtu mzima. Tunaegemea Ilani ya IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, na UNESCO juu ya maktaba za umma, ya mwaka 1994, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, inayosema kwamba huduma za maktaba ni za watu wote kwa usawa, bila kujali umri, jinsia, dini, uraia, lugha wala hali ya mtu katika jamii.

Jumatatu baada ya kila tukio, karatasi ya zamani ishushwe na mahali pake ibandikwe taarifa fupi: nani alikuja, nini kilisemwa, swali gani lilibaki bila jibu, na kitabu gani kinaweza kulijibu. Kama tukio halikufanyika, taarifa iseme hivyo pamoja na sababu, na iombe radhi. Karatasi zilizoshushwa ziandikwe mwaka nyuma kwa kalamu ya risasi, zitiwe katika folda moja pamoja na madaftari yaliyojaa, na folda iwekwe kwenye rafu ya juu, mbali na ukuta wenye unyevu, ikifunguliwa kila baada ya miezi mitatu ili kuangalia mchwa.