Wigo wa mradi wa barabara: kutoka changarawe hadi lami

Vipimo vilivyomo humu ni vya barabara kuu na za mkoa, zile zilizo chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa Tanzania. Kwa barabara za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, usivinakili.

1. Mwanzo na mwisho. Andika cheneji (umbali kutoka mwanzo wa barabara, mfano Km 0+000) na koordineti, siyo majina ya miji tu. Km 0+000 iko katikati ya makutano, au pale lami ya zamani inapoishia? Sema pia makutano yanajengwa na mradi upi, la sivyo yatabaki vumbi katikati ya lami mbili.

2. Magari. Hesabu siku 7 mfululizo, angalau 2 kati yake kwa saa 24, maana malori mengi hupita usiku. Ukihesabu Mtwara nje ya msimu wa korosho, malori yataonekana machache na tabaka za lami zitatoka nyembamba.

3. Upana. Kawaida ni mita 6.5 za lami na mabega ya mita 1.5 kila upande. Kwenye senta ongeza maegesho na njia za waenda kwa miguu.

4. Hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa pembeni mwa barabara. Hapa usiwe na haraka. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliye ndani ya zile 22.5 nyumba yake huwekewa X nyekundu, hana fidia. Aliye kwenye mita 7.5 zilizoongezwa hupata X ya kijani na analipwa.

Shida ni hiyo "katikati". Usanifu ukinyoosha kona, mstari unahama. Nyumba iliyokuwa mita 38 kutoka mstari wa zamani, kona ikisogea mita 12 kuielekea, sasa iko mita 26. Mwenye nyumba hakuivamia barabara, barabara imemfuata. Rangi ya X haimhusu, ni wa kulipwa. Kwa hiyo orodha ya mali ifanywe juu ya mstari mpya, baada ya kuufunga. Mstari ukibadilika tena, rudini uwanjani. Makaburi yahesabiwe peke yake. Tenga fedha mapema: fidia ikipita miezi 6 bila kulipwa, riba inaanza kutembea.

Kisha nguzo za umeme, mabomba na mkongo wa mawasiliano. Omba ramani kwa wenye miundombinu lakini usiziamini. Chimba mashimo ya majaribio kwa mkono kila panapopangwa kalavati (njia ya maji chini ya barabara). Andika nani anahamisha, nani analipa, na kwa fungu lipi. Maneno "kwa kushirikiana na wahusika" yafute, hayamfungi mtu yeyote.

Kwa ramani mimi nashauri QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora ramani, ni bure na inatosha. Picha za setilaiti hazioni bomba, na nyingi zimepitwa na nyumba mpya, kwa hiyo tembeeni njia nzima kwa miguu.

5. Maji. Kagueni makalavati wakati wa masika.

6. Visivyomo. Taa, mizani, stendi, barabara za mchepuo kwenda vijijini: kisichojengwa kitajwe kwa jina. Mkutano wa kijiji ukiahidiwa taa ambazo hazimo kwenye jedwali la kazi (orodha ya kazi na bei zake katika mkataba), mkandarasi atazidai kama kazi ya nyongeza, kwa bei yake.