Boti la faiba la zamani: gonga kwanza, hela baadaye

Ukikuta boti la faiba linauzwa bei chee pale Matema, ufukweni Ziwa Nyasa, usidanganyike na rangi mpya, rangi inaficha mengi. Shika mpini wa bisibisi ugonge nyuma yote pale injini inapofungwa, ikilia ko-ko ubao wa ndani (ule uliofunikwa na faiba) ni mzima, ikilia bubu kama unagonga mkate ujue umeoza, langu nilitoboa katundu kamoja tu yakachuruzika maji ya kahawia. Hapo kata faiba ya ndani, toa ubao wote, weka mpya mkavu kabisa. Piga msasa (vaa maski, lile vumbi linawasha balaa) ndo upake resini (gundi ya maji inayoganda ikichanganywa na dawa yake) na mkeka wa faiba (kitambaa cha nyuzi za kioo). Resini changanya kidogo kidogo, joto la Kyela linaigandisha koponi, ila Mbeya mjini mwezi wa saba utasubiri weee.