Somo: Kisafina cha Musa kinachoelea kweli, kwa watoto wa miaka 3 hadi 7

Bwana asifiwe, wapendwa. Kila wiki napata swali lilelile: "Mwalimu, watoto wangu hawatulii kwenye hadithi za Biblia, nifanye nao nini kwa mikono?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, na wengine niliowajibu wanarudi mwezi unaofuata kuuliza tena. Leo naandika mara moja, yote. Mwenzako akikuuliza, mwonyeshe hapa.

Nitatumia hadithi moja tu, Musa mtoni, kwa sababu ukiielewa hii utajipangia nyingine mwenyewe. Kanuni ninayoifuata ni moja: mikono ya mtoto ifanye kile ambacho mtu wa kwenye hadithi alikifanya. Kupaka rangi picha ya Musa iliyochapishwa hakumfundishi mtoto habari za Musa. Ondoa hiyo picha, weka ya gari, mtoto atapaka vilevile. Lakini fungua Kutoka 2:3 uone mama yule alifanya nini: alipata kisafina cha manyasi, akakipaka sifa na lami, akamtia mtoto ndani, akakiweka katika majani kando ya mto. Kazi za mikono ziko humohumo kwenye aya. Huhitaji kubuni chochote.

Hatua ya 1. Soma mwenyewe Kutoka 1:8 hadi 2:10, mara mbili, siku mbili kabla.

Hatua ya 2. Kusanya vitu: maboksi matupu ya maziwa au kadibodi nyembamba, mshumaa mweupe, manyasi makavu, uzi, vipande vya kitambaa laini, beseni pana, taulo.

Hatua ya 3. Kata maboksi mwenyewe nyumbani. Usilete mkasi wenye ncha darasani.

Hatua ya 4. Simulia nusu ya kwanza ya hadithi, dakika 5, usizidishe. Ishia pale mama anapomficha mtoto miezi 3 na sasa hawezi tena, kwa kuwa mtoto amekua na sauti yake inasikika. Wanyamazishe watoto wote, waambie wasikilize kama kuna askari anapita nje. Watanyamaza, hata yule anayekusumbua kila wiki.

Hatua ya 5. Kutengeneza kisafina. Hapa naomba usome polepole, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Mara ya kwanza nilikunja visafina vya karatasi ya kawaida na kuvibandika kwa gundi ya maji. Vilipendeza sana mezani. Sikuvijaribu majini. Siku ya somo tukaviweka kwenye beseni vyote 14 kwa pamoja, kila kimoja na mtoto wa udongo ndani yake. Karatasi ikalowa, gundi ikaachia, vikaanza kuzama kimoja baada ya kingine mbele ya macho yao. Binti mmoja wa miaka 4 akaniuliza, "Mungu hakumwona huyu?" Kisha akalia, na wenzake wakafuata. Nilikuwa nimekuja kuwafundisha kwamba Mungu alimlinda mtoto majini, na mikono yangu ikawafundisha kinyume. Maneno yote niliyosema baada ya hapo hayakufua dafu. Mtoto wa umri huo anaamini alichokiona.

Kwa hiyo fanya hivi. Boksi la maziwa ni bora kuliko kadibodi kwa sababu tayari lina utando usiopitisha maji. Ukitumia kadibodi, ikunje iwe kisahani chenye pembe zilizokunjwa, bila kukata pembe, kwa sababu pembe iliyokatwa ndiyo mlango wa maji. Kitako kiwe kipana na kingo ziwe fupi, kama vidole viwili hivi. Kisha mpe kila mtoto kipande cha mshumaa ulio baridi, asugue nta ndani na nje, na zaidi kwenye mikunjo. Usiyeyushe mshumaa kwa moto mbele ya watoto, hata ukiwa na msaidizi. Kusugua kunatosha.

Na kusugua huko ndiko kiini cha somo. Watataka kumaliza haraka. Wazuie. Waambie: "Mama huyu anampenda mwanawe, ataacha tundu hata moja?" Utawaona wanarudia pembeni, wanashika kisafina juu dhidi ya mwanga kutafuta pengo. Wanapofanya hivyo wanajua upendo wa yule mama kuliko utakavyoweza kuwaeleza kwa maneno. Wape dakika 10 nzima.

Manyasi yafungwe kwa uzi kuzunguka nje. Yasibandikwe kwa gundi.

Usiku wa kuamkia somo, weka kisafina chako cha mfano majini kikiwa na mtoto ndani, ukiache dakika 20. Kikizama, bado una usiku mzima wa kurekebisha. Beba pia visafina 3 vya akiba.

Hatua ya 6. Mtoto Musa ni kitambaa kilichoviringishwa na kufungwa uzi. Si udongo, si jiwe. Alazwe, asikalishwe, la sivyo chombo kitapinduka.

Hatua ya 7. Majini, viwekwe viwili viwili. Beseni lisijae, na usiliache hata kwa sekunde moja bila mtu mzima. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha vidole vichache tu. Mtoto mmoja asimame mbali kidogo akitazama. Huyo ndiye dada wa Kutoka 2:4, na wote watataka zamu yake.

Hatua ya 8. Malizia hadithi beseni likiwa bado mbele yao: binti Farao, kilio cha mtoto, dada anajitokeza, mama anaitwa. Tafadhali usiikate hadithi binti Farao anapomwona mtoto. Wengi hufanya hivyo, na watoto wanakwenda nyumbani na mama aliyempoteza mwanawe. Aya ya 9 inasema mama alirudishiwa mwanawe amnyonyeshe, tena kwa mshahara. Basi mrudishie kila mtoto kisafina chake mkononi, ukisema: "Mchukue, umlee."

Maswali ya wanachama

Mpenda Watoto: Asante mwalimu. Naweza kutumia karatasi ya kawaida na gundi?

Jibu: Rudi hatua ya 5.

Mwalimu Mgeni: Nina watoto 40, msaidizi mmoja na beseni moja. Nimeanza kufundisha mwaka huu, naogopa vurugu.

Jibu: Usiogope, mpendwa, inawezekana kabisa. Usitengeneze visafina 40. Tengeneza 8, kila kimoja watoto 5, na kila mtoto apewe kazi yake: wawili wasugue nta, wawili wafunge manyasi, mmoja amviringishe mtoto. Anza kila kundi na boksi lililokwisha kukunjwa. Wakati wa majini, msaidizi akae na beseni asiondoke, wewe ukae na walioketi. Wanaosubiri wawe "majani ya mtoni": wainue mikono na kuyumba polepole bila sauti, kumficha Musa. Hilo huwashika kuliko kuambiwa "tulieni". Wiki ya kwanza ukiona umepungukiwa na muda, fanya hatua ya 1 hadi 5 tu, umalizie wiki inayofuata. Watoto watakuwa wanaisubiri.

Kijana wa Kwaya: Tutumie basi na picha za kupaka rangi za somo hili.

Jibu: Sina, na sababu nimeieleza juu kabisa.

Mzee wa Kanisa: Naona michezo mingi. Neno liko wapi? Sisi tulikaa tukasikiliza, tukakua katika imani.

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Neno ndilo lililonipa kazi hizi zote. Hakuna hata moja iliyotoka nje ya aya 10 za kwanza za Kutoka 2. Bwana mwenyewe alimwagiza Yoshua watu wayatoe mawe 12 katikati ya Yordani, ili watoto wakiuliza "Mawe haya maana yake nini?" waelezwe (Yoshua 4). Mtoto anashika kitu, anauliza, mkubwa anajibu. Mimi nafuata njia hiyo. Naomba uje siku moja ukae nasi darasani, kisha tuzungumze.

Mama wa Wawili: Samahani, nina swali la maneno. "Akakipaka sifa na lami". Mwanangu wa miaka 6 ameniuliza, "Mama wa Musa alikuwa anaimba sifa?" Nikakosa jibu.

Jibu: Swali hili limenifurahisha sana, mpe pongezi mwanao kwa kusikiliza neno kwa neno. Hapa "sifa" si ya kusifu. Ni neno jingine lenye sauti ileile: mafuta ya samaki, hasa papa, ambayo mafundi wa vyombo vya baharini hupaka mbao zisipitishe maji. Kwa hiyo mshumaa wetu ndio unashika nafasi ya sifa na lami. Nakuongezea jambo. Linganisha na Mwanzo 6:14, Nuhu aliambiwa safina yake nayo itiwe lami ndani na nje. Kwa Kiebrania chombo cha Nuhu na cha Musa vinaitwa kwa neno moja, na ndiyo maana Kiswahili kinasema "safina" na "kisafina". Mwonyeshe mwanao kisafina chake, umwambie kuna kikubwa chake chenye urefu wa mikono 300, kama mita 135. Mtoke nje mpige hatua mpaka zifike. Hataisahau.

Mwalimu Mgeni: Na habari ya Farao kuua watoto wachanga, niwaambieje wa miaka 3?

Jibu: Kwa wa miaka 3 na 4 nasema, "Farao alikuwa mfalme mkali, alitaka kuwadhuru watoto wa Waebrania," naishia hapo. Wa miaka 6 na 7 wakiuliza moja kwa moja, wajibu kweli, kwa sentensi moja, kisha uwataje Shifra na Pua, wakunga waliomcha Mungu wakakataa kuua (Kutoka 1:17). Usiwaigizishe watoto sehemu ya askari kukamata watoto. Nimeona ikifanyika na haifai.

Mpenda Watoto: Kisafina changu kimezama. Nilitumia karatasi ya daftari, sikupata mshumaa.

Jibu: Pole kwa watoto.

Dada wa Shule ya Jumapili: Nachangia kidogo nje ya mada. Kanuni yako nimeitumia kwa hadithi ya kuanguka kwa ukuta wa Yeriko. Tulizunguka ukuta wa maboksi mara moja kwa siku 6, kimya kabisa kama Yoshua 6:10 inavyosema, na siku ya 7 mara 7. Jumla mizunguko 13. Kuwanyamazisha ndiko kulikokuwa kazi, na kelele za mwisho ndizo walizozikumbuka.

Jibu: Vizuri sana, dada. Nyongeza moja: maboksi yasibandikwe hata kidogo, yapangwe tu, yaanguke kwa kishindo. Na Yusufu je, umeshamfanya? Wengi hushona kanzu ya rangi rangi, lakini Biblia ya Union inasema "kanzu ndefu" (Mwanzo 37:3). Wape kanzu ya mtu mzima waivae kwa zamu, inayoburuzika chini. Aliyebaki bila kanzu muulize anajisikiaje. Hapo utapata wivu wa ndugu zake Yusufu bila kueleza.

Mama wa Wawili: Na mfano wa mpanzi, mbegu za njiani, penye mwamba, penye miiba na penye udongo mzuri? Nilipanda maharage kwenye makopo manne, yakaota hata ya kwenye mawe, nikaaibika.

Jibu: Hukukosea, mama, na wala mfano haukukosewa. Soma tena Mathayo 13:5-6: mbegu za penye mwamba ziliota mara, zilikauka jua lilipopanda. Kwa hiyo yakiota kwenye mawe, uko sawasawa na Neno, endelea kuyangoja. Weka kopo hilo juani, udongo wake uwe mwembamba sana juu ya mawe, na makopo yote uyamwagilie kipimo kimoja. Ya njiani yasifunikwe na udongo, ndege wapewe nafasi. Kopo la miiba panda mbegu za majani siku 3 kabla ya maharage. Wape watoto kazi ya kuchungulia kila siku na kuchora walichokiona, wala usiwaambie mapema kitakachotokea.