Ukitaka Kufundisha Yoga, Anzia Ulimi

Nilikuwa nimefanya yoga miaka mitano wakati jirani yangu hapa Tudor, Mombasa, aliponiomba nimfundishe. Yeye ni msusi, husimama kutwa nzima, na jioni mgongo humuuma. Nilikubali upesi kwa kuwa mikao naijua. Baada ya dakika kumi nikaishiwa maneno. Mwili wangu ulijua kazi, ulimi haukujua.

Nawe ukifika hapo, chukua daftari. Mimi nilikuwa nimejifunza kwa Kiingereza, kwa hiyo niliandika upya viungo vyote kwa Kiswahili: kisogo, kwapa, kidari, mbavu, nyonga, kinena, paja, ugoko, kifundo, kisigino, wayo. Usiidharau kazi hii. Ukisema "nyoosha mguu", mwanafunzi habadilishi kitu. Sema "sukuma kisigino cha kulia nyuma", na mguu wote utanyooka. Taja tendo, kiungo na upande, kisha unyamaze wavute pumzi. Walimu wapya tunaongea mno kwa sababu kimya kinatutisha.

Tafuta mifano nyumbani kwenu. Adho Mukha Svanasana ni Kisanskriti, maana yake mkao wa mbwa anayetazama chini. Mimi huwaambia: "Kuwa paa la makuti. Mikono upande huu, miguu upande ule, kiuno ndicho kilele." Kila mtu ameliona paa hilo. Lakini pima maneno yako. Vajrasana, ule mkao wa kukalia visigino, niliueleza kwa kusema "kaa kama kwenye tahiyatu", kile kikao cha ndani ya swala. Mama mmoja mtu mzima aliningoja darasa liishe, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, ibada iache mahali pake." Alikuwa na haki. Tangu siku hiyo nasema "kalia visigino", na anayeumia magoti huweka leso iliyokunjwa chini ya makalio.

Fundisha mtu mmoja kwanza, kwa wiki kadhaa, halafu watatu. Ukiwatazama uso kwa uso, inua mkono wako wa kushoto unapotaja kulia, kama kioo. Hilo lilinichukua mwezi. Nilikuwa nikilifanyia mazoezi jikoni wali ukiiva.

Kosa langu kubwa lilikuwa kufanya mikao yote pamoja nao. Siku moja, tukiwa kwenye Virabhadrasana ya pili, mkao wa shujaa wenye goti la mbele lililokunjwa, nilikuwa nimegeuza kichwa kama inavyotakiwa, na nyuma yangu mama mmoja goti lilikuwa limemlalia ndani. Nilimwona alipoguna. Siku hizi naonyesha mara moja, kisha nasimama na kuzunguka. Goti la mbele lielekee kilipoelekea kidole cha pili cha mguu. Na usimguse mtu kabla hujamwomba ruhusa.

Kabla ya somo la kwanza, muulize kila mmoja faraghani: una presha? una mimba? umewahi kupasuliwa? Mwenye presha ya juu simwinamishi kichwa chini. Anasimama mbele ya ukuta na kuusukuma kwa viganja. Mjamzito halali kifudifudi, na kabla ya lolote namtuma akamuulize mkunga au daktari wake.

Kozi je? Ile inayotambulika zaidi ni ya saa 200, kiwango kinachotumiwa na Yoga Alliance ya Marekani. Nenda ukipata uwezo, hasa kwa ajili ya somo la mifupa na misuli. Ila ingia ukiwa umeshafundisha watu wachache, ndipo utajua cha kuuliza.

Panga saa yako kwa kuanzia mwisho. Katika dakika 60, kumi za mwisho ni za Savasana, usizile hata ukichelewa. Jina lake ni mkao wa maiti; mimi husema tu "laleni chali". Wanawake wengine ninaowafundisha hawapati dakika kumi za kulala mchana bila mtu kuwaita, na wapo wanaotokwa na machozi hapo. Usiwaulize kitu. Wageukie ubavu wa kulia, wainuke kwa kusukuma kwa mikono, kichwa kije mwisho. Na mlango usiufungue mpaka wa mwisho awe amejifunga leso yake.