Kruzi ya Galveston mpaka Meksiko: piga hesabu yote kabla hujatoa dipoziti

Watu wakiona picha zangu nimekaa na kofia kwenye meli swali huwa ni moja tu, ilikuwa shilingi ngapi, na mi huwa sijibu haraka haraka kwa sababu ile bei ya kwenye tangazo na hela inayotoka mfukoni ni ndugu wa mbali sana hao. Nimeshapanda mara nne, zote kutokea bandari ya Galveston, Texas, maana sisi wa Houston ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari na hapo unakuta meli za kampuni za Carnival na Royal Caribbean zote zinaondokea, kwa hiyo naongelea ya huko, ukiwa Florida mengi yanafanana.

Chukua kruzi ya usiku 5, bandari za Cozumel na Progreso kule Meksiko, halafu kurudi. Tangazo limeandikwa dola 399. Kwanza hiyo ni ya kichwa kimoja, halafu ni kichwa kimoja chenye mwenzake ndani ya kabini, ukienda peke yako unalipia na kitanda kitupu, mara nyingi unajikuta kwenye karibu mara mbili ya bei. Haya mko wawili, 798. Weka kodi na ada za bandari, tuseme 150 kila mtu, tuko 1,098. Bakshishi ya wahudumu inakatwa yenyewe kila siku, kampuni kubwa zinacheza kwenye dola 16 mpaka 20 hivi kwa mtu kwa siku, tukichukua hiyo ya 16 ni 160 nyingine. Pakingi siku 6 kwa dola 20, 120. Wifi ya simu moja (sio wifi yangu, huyo nitamfikia) weka 100. Teksi, ufukwe na chakula mkishuka Cozumel, 60 kila mmoja. Jumlisha mwenyewe, 1,598, na hapo bado hujanywa soda, maana chai, maji na juisi ya asubuhi ni bure ila soda na bia ni hela. Ile pakeji ya vinywaji nayo angalia vizuri, kwa kawaida mtu mzima mmoja wa kabini akiichukua ya pombe na mwenzake analazimika kuichukua hata kama maisha yake yote ni mtu wa chai ya tangawizi.

Sasa hiyo 1,598 ukiambiwa uitoe siku moja unaahirisha safari mpaka watoto wamalize chuo. Sisi tulifanya kama upatu ila sio ule wa kuzunguka, na hapa ndipo vikundi vingi vinakwama, upatu wa kawaida kila mwezi mmoja anapewa mzigo, wakati kruzi wote mnadaiwa tarehe ileile. Kampuni zinataka malizio siku 75 mpaka 90 kabla ya safari, inategemea urefu wa safari. Kwa hiyo ukitaka kusafiri Novemba, malizio ni Agosti, maana yake michango ianze Oktoba ya mwaka wa nyuma, miezi 10, dola 160 kwa kila kabini kwa mwezi, na haigawiwi kwa mtu, inakaa kama kibubu. Agosti inatoka ile 1,098, inayobaki ndo ya bakshishi, pakingi na Cozumel. Mweka hazina achaguliwe mtu ambaye hata mumewe anaogopa kumkopa.

Faida nyingine ya kwenda kikundi, mkifika kabini 8, yaani abiria 16, kampuni nyingi zina utaratibu wa kikundi ambapo mmoja nauli yake inakuwa bure, kodi na ada za bandari analipa kama kawaida. Ila lazima mbuku (mweke nafasi) kama kikundi toka mwanzo, mkibuku kila mtu kivyake halafu mkaenda kudai baadae mtachekwa. Sisi ile nauli ya bure tuligawana wote badala ya kumpa mtu mmoja, tukaepusha kesi.

Dipoziti kuna ya aina mbili, ya kurudishwa na isiyorudishwa, isiyorudishwa inakuja na bei nzuri zaidi na ndo inayowanasa watu. Kama likizo kazini haijapitishwa au karatasi zako hazijakaa sawa lipia ile ya kurudishwa. Na ukishabuku usilale, kabla ya tarehe ya malizio chungulia bei ya kabini kama yako kila wiki, ikishuka piga simu waambie, mi nilishushiwa mara mbili kwa safari ileile kwa kupiga simu tu, ukishamaliza kulipa mlango huo mara nyingi ndo umefungwa. Ofa nyingi zinatoka Januari mpaka Machi, na safari zenyewe za bei ya chini ni kuanzia shule zikifunguliwa mwisho wa Agosti mpaka mwanzo wa Desemba, ukiondoa wiki ya Thanksgiving, ile sikukuu ya Wamarekani ya Novemba. Lakini ujue unafuu huo una sababu, msimu wa vimbunga ni Juni 1 mpaka Novemba 30. Meli haiingii kwenye kimbunga, inabadili njia, ulilipia Cozumel unaweza kujikuta umekaa baharini siku tatu mfululizo, na mkataba unawaruhusu, utarudishiwa ada ya bandari iliyorukwa basi. Bima chukua, sio kwa ajili ya kimbunga tu, daktari wa melini analipwa na bima yako ya kazini inaweza isitambulike huko, na kutolewa melini kwa helikopta ni hela ya nyumba.

Karatasi. Hapa naomba utulie usome mara mbili. Raia wa Marekani kwa safari inayoanza na kuishia bandari ileile anaweza kwenda na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, ila mi nasema beba paspoti tu, ukiachwa Cozumel huna paspoti utapandaje ndege ya kurudi? Mwenye grini kadi abebe kadi yenyewe na paspoti ya nyumbani ikiwa hai, na Meksiko haimtaki visa mtu mwenye grini kadi au visa hai ya Marekani, kwa hiyo Mtanzania au Mkenya wa hivyo anashuka vizuri. Mama amekuja kukutembelea na unataka kumpa raha? Angalia visa yake, sehemu ya idadi ya kuingia imeandikwa M (mara nyingi) au 1 (mara moja tu), maana mkishafika Meksiko ameshatoka Marekani na anatakiwa aingie upya. Mwanafunzi wa F-1, yaani visa ya masomo, akasainiwe I-20 yake, ile fomu ya chuo, kwanza. Na kama una kesi ya uhamiaji haijaisha, usipande meli kabla hujaongea na mwanasheria wako, kwa sababu kruzi watu wanaiona kama pikiniki lakini kisheria ni safari ya nje ya nchi. Mjamzito akifika wiki ya 24 hapandi, na mtoto awe na miezi 6 angalau, safari nyingine ndefu wanataka mwaka.

Kabini mi nachukua ya ndani isiyo na dirisha, ni giza totoro, unaamka hujui ni saa tisa usiku au saa tatu asubuhi, dawa yake washa tivii kwenye chaneli ya kamera ya mbele ya meli ukate sauti, ikipambazuka chumba kinapambazuka. Tofauti ya hela na ile ya baraza inaweza kulipa pakingi, wifi na Cozumel yote, ila kama unasumbuliwa na kichefuchefu chagua katikati ya meli ghorofa za chini, usipangiwe na bahati.

Halafu wifi yangu sasa. Alibeba pasi. Nilimwambia pasi na birika la umeme haviruhusiwi, akasema ataivika gauni. Saa kumi na moja jioni mabegi ya wenzake yote yamefika mlangoni la kwake halijafika, tunaenda kuuliza tunaambiwa lipo kwa watu wa usalama, tukakuta foleni ya watu kama 15 kila mmoja na pasi yake au chupa yake, yaani wifi hakuwa peke yake. Alifunguliwa begi mbele za watu, pasi ikawekewa namba, akarudishiwa siku ya kushuka. Kwa hiyo kingine cha kukumbuka, begi kubwa unampa mbeba mizigo pale nje na linaweza kukufikia jioni, dawa, paspoti, chaja na nguo ya kuogelea weka kwenye begi la mkononi, bwawa liko wazi toka mchana na wewe unalitazama na jinzi.

Kwenye meli hakuna kutembea na noti, unatumia kadi yao na inavuta kwenye kadi uliyosajili. Sajili krediti kadi. Safari yangu ya kwanza niliweka ya debiti, kumbe wanashikilia kiasi fulani kila siku juu ya ulichotumia, na benki haikuziachia siku ileile, nimerudi nyumbani Jumamosi, Jumatatu hela ya kodi ya nyumba haikutoka, faini juu. Kama huna krediti kadi peleka keshi kaunta siku ya kwanza. Simu nayo iweke kwenye alama ya ndege kabla hamjatoka bandarini, mtandao wa baharini ukidakwa bili yake ni ya kulia.

Mkishuka bandarini angalia saa ya meli sio ya simu, simu inaweza kujibadilisha ikishika mtandao wa Meksiko. Rudi saa nzima kabla ya muda waliosema, meli haisubiri mtu aliyeenda mwenyewe, aliyenunua ziara ya meli yenyewe wanamsubiri au wanamfikisha, na hiyo ndo sababu pekee ya mimi kuwahi kununua ziara zao za bei mbaya, Progreso, tulipotaka kwenda mbali kwenye magofu ya Wamaya.

Usiku wa mwisho fungua bili yako kwenye programu yao mapema, kabla ya chakula cha jioni, usingoje asubuhi, asubuhi foleni ya kaunta inazunguka ngazi. Mara ya tatu nilikuta tumeandikiwa chupa mbili za maji ya kununua ambazo hatukuzigusa, zilikuwa bado ziko pale pale mezani na karatasi yake shingoni, nikazipiga picha, nikaenda, dakika tano zikafutwa.